Kuchanganya akriliki kwa Spitfire ya 1940, tone kwa tone

Modeli yangu ya pili ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, niliimaliza saa tano usiku chini ya taa ya manjano ya chumbani. Rangi ya udongo na ya kijani zilipatana, nikalala nimeridhika. Asubuhi nikaitoa barazani, na kwenye mwanga wa jua ile rangi ya udongo ilikuwa nyekundu kama chungu kipya ambacho hakijawahi kupikiwa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ilihitaji kutulizwa kidogo tu, lakini sikuwa nimeandika popote nilichanganya nini na kwa kiasi gani. Ikabidi nipake ndege nzima upya. Tangu siku hiyo sichanganyi rangi bila daftari, wala siamui rangi usiku.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejenga ndege za plastiki za skeli ya 1/72 au 1/48, yaani ndogo mara 72 au 48 kuliko ndege halisi, na hana duka la karibu linalouza kila rangi ya jeshi ikiwa tayari chupani. Nitatumia akriliki za tubu, zile za maduka ya vifaa vya sanaa, na ndege moja: Spitfire Mk I ya Jeshi la Anga la Uingereza, RAF, kama ilivyokuwa mwaka 1940. Ukiiweza hiyo, nyingine utazifikia kwa njia hiyohiyo.

1. Tafuta tarehe kwanza, rangi baadaye

Kusema "kijani ya Spitfire" hakutoshi. RAF ilizipa rangi zake majina rasmi, na ilizibadilisha kadiri vita vilivyobadilika. Katika Mapigano ya Uingereza, kati ya 10 Julai na 31 Oktoba 1940, Spitfire ilikuwa na mabaka ya Dark Earth (kahawia ya udongo) na Dark Green (kijani nzito) juu, na Sky tumboni. Miezi michache kabla ya hapo tumbo la ndege hiyohiyo liligawanywa kati kwa kati, nusu nyeusi na nusu nyeupe, ili walioko ardhini waitambue kuwa ni yao. Amri ya kupaka Sky ilitoka Juni 1940.

Kuanzia Agosti 1941 Dark Earth ikaondolewa, Ocean Grey, kijivu nzito, ikashika nafasi yake, na tumbo likawa Medium Sea Grey, kijivu nyepesi zaidi. Sababu ni kwamba ndege hizi sasa zilivuka bahari kwenda Ufaransa na kupigana juu zaidi, na udongo wa mashamba ya Uingereza haukuwa tena kitu cha kujifichia. Jangwani Afrika Kaskazini mambo yalikuwa kinyume: Dark Earth ilibaki, kijani ikatoka, Middle Stone, manjano ya mchanga, ikaingia, na tumbo likawa Azure Blue, bluu ya anga.

Kwa hiyo amua ndege yako ni ya mwezi gani kabla hujafungua tubu hata moja. Stika za seti nyingi huja na namba ya ndege au herufi za kikosi, na hizo zinatosha kukupeleka kwenye tarehe.

Jihadhari pia na majina. Mtu anasoma Dark Slate Grey anakwenda kuchanganya nyeusi na nyeupe, kumbe rangi yenyewe ni kijani ya zeituni iliyofifia. Sky nayo si samawati. Ni kama ganda la yai la bata: kijani hafifu sana yenye manjano kidogo na kijivu kidogo. Chanzo chake ni rangi ambayo rubani wa Australia, Sidney Cotton, aliibuni kwa ajili ya ndege zake za kupiga picha za kijasusi, akaiita Camotint.

2. Vifaa

Kutoka duka la dawa nunua mabomba ya sindano ya ml 1, bila sindano, na vitoneshi vichache. Kutoka jikoni chukua vijiti vya meno, kigae cheupe na kikombe cha mtindi cha plastiki. Kikate kikombe vipande vya ukubwa wa stempu. Hivyo ndivyo vipande vya majaribio, na utavihitaji vingi, thelathini au arobaini. Karatasi haifai kwa kazi hii kwa sababu inanyonya rangi na kuionyesha ikiwa imefifia kuliko itakavyokaa kwenye plastiki. Vipande vyote vipake kwanza praima, yaani rangi ya msingi, ileile utakayotumia kwenye ndege. Mimi hutumia ya kijivu isiyoiva sana. Ongeza chupa ndogo nane zenye mfuniko unaobana, tepu ya karatasi ya mafundi rangi, daftari na kalamu isiyofutika kwa maji.

3. Tubu saba, na namba zilizoandikwa nyuma yake

Huhitaji tubu ishirini. Zinazotosha ni nyeupe ya titani, nyeusi, manjano ya udongo ambayo kwenye tubu huandikwa Yellow Ochre, kahawia ya Burnt Umber, bluu ya Ultramarine, bluu ya Phthalo, na kijani ya Chromium Oxide.

Sasa geuza tubu usome maandishi madogo. Kampuni zinazojali kazi yake huandika msimbo wa unga wa rangi uliotumika. Nyeupe ya titani ni PW6. Nyeusi ni PBk7 au PBk11. Manjano ya udongo ni PY42 au PY43. Burnt Umber halisi ni PBr7. Ultramarine ni PB29, Phthalo ni PB15, na kijani ya Chromium Oxide ni PG17. Kila tubu iwe na msimbo mmoja tu. Tubu ya bei ya chini inaweza kuitwa Burnt Umber lakini ndani ni mchanganyiko wa nyekundu, nyeusi na manjano. Ukiichanganya na rangi nyingine mbili tayari una rangi tano ndani ya tone moja, na rangi tano hutoa tope. Ukiona mchanganyiko wako unakufa na kuwa kijivu cha maji ya kufulia, chunguza misimbo kabla hujaulaumu mkono wako.

Kama umebahatika kupata chupa za Tamiya, rangi za modeli zilizo tayari, fahamu kwamba XF-81 ni Dark Green, XF-82 ni Ocean Grey, XF-83 ni Medium Sea Grey na XF-21 ni Sky, hivyo sehemu ya kazi imeshafanywa. XF-52 Flat Earth ni mahali pa kuanzia safari ya Dark Earth, si mwisho wake. Usizichanganye chupa hizi na akriliki za tubu wala na rangi za kampuni ya Vallejo. Tamiya ina alkoholi ndani, na vikikutana vinaweza kuganda kama maziwa yaliyokatika.

4. Geuza tubu kuwa matone

Rangi ya tubu ni nzito, haihesabiki. Chukua kila rangi, kiasi cha ml 5, changanya na ml 5 za akriliki midiamu, ile gundi ya akriliki yenye weupe wa maziwa, isiyotiwa unga wa rangi, na maji kidogo mpaka itiririke kama uji mwepesi wa mtoto. Tia kwenye chupa yake, andika jina na tarehe. Usitumie maji matupu kuipunguza uzito, kwa sababu gundi ikizidiwa na maji rangi inabaki kama vumbi na tepu itaing'oa.

Muhimu hapa ni chupa zote saba ziwe na uwiano mmoja. Ukiipunguza nyeupe kwa nusu na nyeusi kwa robo, hesabu zako zote za baadaye hazitarudiwa na mtu yeyote, hata wewe mwenyewe.

Kwa bluu ya Phthalo tengeneza chupa ya nane. Tone moja la bluu, matone 10 ya midiamu. Mimi naiita bluu ya kumi. Phthalo ina nguvu ya kutisha, tone lake moja kamili linatosha kugeuza kijiko kizima cha nyeupe kuwa anga la mchana, na huwezi kulirudisha.

Tone la kitoneshi cha kawaida ni takriban ml 0.05, hivyo matone 20 ni ml 1. Usiogope kwamba itakuwa kidogo. Mabawa ya Spitfire halisi yana eneo la mita za mraba 22.5. Kwenye skeli ya 1/72 hiyo ni sentimita za mraba 43 tu, chini ya ukubwa wa kadi ya biashara. Mchanganyiko wa matone 60 wa kila rangi unakutosha kupaka na kubakiza cha kusahihishia.

5. Unalinganisha na nini?

Bila kielelezo utakuwa unachanganya kwa kukumbuka, na kumbukumbu ya rangi ni dhaifu kwa kila mtu. Kielelezo kizuri ni kipande cha rangi kilichopakwa, si kilichochapwa wala cha kwenye simu. Viwango vya Uingereza vya BS 381C bado vina rangi kadhaa za wakati ule na namba zake: Dark Earth ni 450, Sky ni 210, Medium Sea Grey ni 637, Middle Stone ni 362. Baadhi ya maduka ya rangi za magari na za viwanda yana mashine ya kuchanganya kwa namba hizi, na fundi akikubali kukupigia kipande kimoja cha bati, umepata kielelezo cha miaka mingi. Kihifadhi ndani ya bahasha mbali na jua.

Skrini ya simu hudanganya kwa sababu kila simu inaongeza rangi kwa namna yake. Ndege za makumbusho nyingi zimepakwa upya mara kadhaa tangu vita viishe. Picha za zamani zisizo na rangi zina mtego wake: filamu ya aina ya othokromatiki haikuiona nyekundu, ikaichora karibu nyeusi, na manjano ikatoka nzito, wakati bluu ilitoka nyeupe-nyeupe. Ndiyo maana duara la manjano kwenye alama ya RAF katika picha fulani linaonekana jeusi. Picha hizo zitumie kujua mpaka wa mabaka ulipita wapi, wapi rangi ilichubuka, wapi moshi wa bomba la injini ulichafua. Usizitumie kuamua rangi ni ipi.

6. Dark Earth

Hii ndiyo iliyonishinda usiku ule, nitaieleza polepole.

Dark Earth ni kahawia iliyotulia, si nyekundu na si ya manjano. Fikiria njia ya shambani siku moja baada ya mvua, wakati juu pameanza kukauka na chini bado pana unyevu. Weka kwenye kigae matone 22 ya manjano ya udongo, 15 ya Burnt Umber na 9 ya nyeupe. Koroga kwa kijiti cha meno kuanzia pembeni kuja katikati, mpaka usione hata mstari mmoja wa rangi pekee. Ukiangalia sasa utaona kitu kinachofanana na kahawa ya maziwa, kizuri, chenye joto. Paka kipande cha majaribio namba 1. Usiamue kitu bado.

Akriliki ya maji ikiwa mbichi ina gundi yenye weupe wa maziwa, na gundi hiyo ikikauka inakuwa angavu kama kioo, hivyo rangi inazama na kuwa nzito zaidi. Kipe kipande dakika 20 kivulini kikauke chenyewe. Kisha nenda nacho barazani pamoja na kielelezo, kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, ukiwa umeupa jua mgongo ili mwanga uingie kwa upande. Viweke viwili hivyo vikigusana, pasiwe na nafasi katikati, na ufumbe macho nusu. Mstari wa mpakani ukipotea, umefika. Ukiuona, jiulize maswali mawili tu: kipande changu ni cheupe au cheusi kuliko kielelezo? Na kimeelemea wapi: nyekundu, manjano, kijani au bluu?

Kipande namba 1 kwa kawaida kitakuwa cheupe kidogo na chekundu kidogo. Ongeza matone 2 ya Burnt Umber na 1 la nyeusi, paka namba 2. Sasa uzito umekaribia lakini wekundu bado upo. Hapa ndipo wengi huongeza nyeusi tena, na rangi inakufa. Wekundu wa kahawia hauondolewi na nyeusi, unatulizwa na bluu. Ongeza tone 1 la Ultramarine, koroga, paka namba 3. Utaiona kahawia inapoa mbele ya macho yako, kama chai iliyotolewa jikoni. Kwangu mimi hapo hubaki tone moja la nyeusi kufika mwisho: manjano ya udongo 22, Burnt Umber 17, nyeupe 9, nyeusi 2, Ultramarine 1. Tubu zako si zangu, kwa hiyo jumla yako inaweza kutofautiana kwa tone moja au mawili. Andika zako.

Kila kipande andika nyuma yake hesabu kamili kwa kalamu isiyofutika, hata kile kilichoharibika. Kilichoharibika leo kinaweza kuwa rangi ya lori la jangwani mwezi ujao, na kwangu imeshatokea.

7. Dark Green na Sky

Dark Green ni rangi ya jani la mwembe lililokomaa, upande wa chini, siyo ule wa juu unaong'aa. Anza na matone 24 ya manjano ya udongo, 14 ya kijani ya Chromium Oxide, 4 ya Burnt Umber na 5 ya nyeusi. Nyeusi ipande tone moja moja hadi 8 ukihitaji. Usishangae manjano kuwa nyingi kuliko kijani. Manjano ya udongo na nyeusi vikikutana vinazaa kijani ya zeituni vyenyewe, na Olive Drab ya Wamarekani ilizaliwa hivyohivyo. Chromium Oxide inakuja tu kuivuta kutoka kwenye zeituni. Ikikutoka kijani mno kama nyasi, tone moja la Burnt Umber linaituliza.

Sky ina maumivu yake kwa sababu karibu yote ni nyeupe, na rangi nyeupe huonyesha kila kosa. Osha kigae na vijiti upya kabisa. Nyeupe matone 54, manjano ya udongo 5. Sasa chukua ile bluu ya kumi, tone 1, koroga, angalia. Tone 1 tena, koroga. Kwa matone 3 au 4 utaona krimu inageuka ganda la yai. Mwisho tia ncha ya kijiti cha meno yenye nyeusi, si tone, ili kuondoa ule utamu wa peremende. Ukikosea ukazidisha bluu usijaribu kuokoa kwa manjano. Utajikuta na kikombe kizima cha rangi ambayo haikuwahi kuruka. Mwaga, anza tena.

Hata hivyo kwenye Sky jipe nafasi. Katika miezi ile ya 1940 rangi rasmi haikutosheleza, na vikosi vilipaka kilichopatikana au vilichochanganya vyenyewe, kwa hiyo matumbo ya Spitfire yalitofautiana, mengine ya kijani, mengine yakielekea bluu. Ukipata tofauti ndogo kati ya Sky yako na kielelezo, hiyo ni tofauti ambayo mafundi wa viwanjani nao walikuwa nayo.

8. Kijivu kilichochanganywa na mafundi wenyewe

Kisa ninachokipenda kuliko vyote katika kazi hii ni cha 1941. Agizo la Ocean Grey lilifika kabla ya rangi yenyewe kutosha, na vikosi vikaelekezwa kuichanganya: sehemu 7 za Medium Sea Grey na sehemu 1 ya nyeusi, ambayo RAF waliiita Night. Matokeo yake yanajulikana kama Mixed Grey. Yaani ndege nyingi za miezi ile zilipakwa rangi iliyopimwa kwa ndoo na kukorogwa kwa fimbo uwanjani na mtu aliyekuwa na haraka. Ninapohesabu matone huwa namfikiria yule fundi.

Ijaribu. Tengeneza Medium Sea Grey kwa nyeupe 40, nyeusi 4 na Ultramarine 1. Toa matone 35 ya hiyo na uandae matone 5 ya nyeusi, ambayo ndiyo 7 kwa 1. Usiyamwage yote pamoja. Nyeusi ya tubu ina nguvu yake, anza na 2 au 3 kisha upande ukitazama kipande kilichokauka. Utaona pia kwamba nyeusi na nyeupe peke yake huzaa kijivu chenye ubluu kidogo. Kwa rangi hizi za RAF hilo linakusaidia. Kwa kijivu cha joto ungeongeza tone la Burnt Umber.

9. Jangwani na baharini

Ndege ya jangwani inakuhitaji uongeze rangi mbili tu. Middle Stone: manjano ya udongo 30, nyeupe 10, Burnt Umber 5. Azure Blue: nyeupe 40, Ultramarine 8, na bluu ya kumi matone 2 au 3. Azure Blue ina uzambarau kidogo ndani yake, ndiyo maana Ultramarine inatangulia. Ukianza na Phthalo itakutoka samawati ya bwawa la kuogelea.

Ndege za baharini za RAF zilikuwa na mpango wa Extra Dark Sea Grey na ile Dark Slate Grey niliyoitaja. Kwetu pwani hizi zina historia yake. Kikosi cha 259 kiliundwa upya Kipevu, Mombasa, Februari 1943, kikiwa na ndege za Catalina zinazotua majini, na Septemba ya mwaka huo kikahamia Dar es Salaam. Tarehe 20 Agosti 1943 Catalina za kikosi hicho na za kikosi cha 265 ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska. Atakayejenga Catalina ya Kipevu atafute kwanza picha ya ndege yenyewe, maana ndege za doria ya bahari zilipakwa kwa mipango tofauti, nyingine zikiwa na ubavu mweupe. Akishaipata, Dark Slate Grey aianze na ile Dark Green ya hapo juu, aongeze nyeupe 8 na Ultramarine 1.

10. Skeli inadai weupe wake

Modeli ya 1/72 ukiishika sentimita 30 kutoka machoni ni sawa na kuitazama ndege halisi ukiwa mita 21.6. Wajenzi husema rangi inayotazamwa kwa mbali huonekana imefifia. Rangi sahihi kabisa ya kielelezo, ikipakwa kwenye kitu cha urefu wa kiganja, inaonekana nzito na ndege inaonekana ya kuchezea. Wajenzi wengi huongeza nyeupe kama asilimia 15 kwa 1/72 na asilimia 10 kwa 1/48.

Mimi sikubali kuipokea kanuni hiyo nzima. Nyeupe tupu kwenye Dark Green inaleta chaki. Kwa kijani na udongo naongeza nusu nyeupe na nusu manjano ya udongo, na naishia karibu asilimia 10 hata kwa 1/72, kwa sababu vanishi isiyong'aa nayo itaongeza weupe wake. Sky siigusi kabisa. Hapo ni jicho langu, lako linaweza kuamua vingine, lakini amua kwa kipande kilichokauka na chenye vanishi.

11. Kupaka

Anza na Sky tumboni, kisha Dark Earth juu kote, kisha kijani juu ya udongo. Mikono miwili au mitatu myembamba ya rangi, yaani tabaka juu ya tabaka, inashinda mmoja mnene. Kwa brashi, vuta upande mmoja tu na usirudie palipoanza kukauka. Kwenye joto la pwani rangi hukauka ungali umeishika brashi, kwa hiyo zima feni, funika kigae kwa kitambaa kibichi kati ya mkono na mkono, na paka mapema asubuhi. Mwenye eabrashi, ile brashi inayopuliza rangi kwa hewa, aipunguze rangi mpaka iwe kama maziwa na aichuje kwa kipande cha soksi ndefu ya nailoni, la sivyo punje moja itaziba pua.

Mabaka ya Spitfire hayakupakwa kiholela. Palikuwa na michoro miwili, A na B, mmoja kinyume cha mwingine kama taswira kwenye kioo, na mwanzoni iligawiwa kwa kufuata namba ya ndege, shufwa au witiri. Tazama picha ya ndege yako ujue ni upi.

12. Vanishi, kisha chupa ya akiba

Stika zikishakaa, piga vanishi isiyong'aa. Lakini jaribu kwanza kwenye vipande vyako vya mwisho, kwa sababu vanishi inayong'aa huzamisha rangi na isiyong'aa huinua, na Dark Green ndiyo inayobadilika zaidi ya zote. Nilishaona kijani iliyolingana kabisa ikasogea hatua nzima baada ya mkono mmoja wa vanishi.

Rangi iliyobaki ivute kwa bomba la sindano uitie kwenye chupa ndogo, ijaze mpaka shingoni ili hewa isipate nafasi, na tone la maji juu yake kabla ya kufunga. Bandika ubavuni jina la ndege, tarehe na hesabu ya matone. Siku bawa likigonga ukingo wa kabati na rangi ikatoka, na siku hiyo huja, fungua chupa, koroga dakika nzima, paka kwanza kwenye kipande cha mtindi, kisubiri dakika 20, kipeleke barazani ukiweke ubavuni mwa ndege. Ndipo uguse bawa.